Pasipoti Ipo, Viza Ipo, na Bado Umerudishwa: Mwongozo Kamili wa Msafiri wa Dar

Simu hizi huja saa tisa usiku. Mtu yuko Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, begi limeshapimwa uzito, ndugu waliomsindikiza wamesharudi Mbagala, na dada wa kaunta amemrudishia pasipoti yake kwa upole. "Kaka, wanasema siwezi kupanda. Nifanyeje?" Saa hiyo mara nyingi hakuna cha kufanya.

Nimekata tiketi Kariakoo kwa miaka mingi. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa Guangzhou na Dubai, wagonjwa wanaokwenda India, wanafunzi, watu wa Umra. Wanaorudishwa hawarudishwi kwa mambo makubwa. Ni herufi moja kwenye jina, au tarehe iliyohesabiwa vibaya. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye herufi na tarehe, na mengine tutayapitia haraka.

Kama pasipoti unayo tayari, soma Hatua ya 1 hata hivyo, kisha uruke hadi ya 3.

## Vya kuwa navyo mezani

Usifungue tovuti ya Uhamiaji kabla hivi havijakaa mbele yako:

- Namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa.
- Cheti chako cha kuzaliwa. Kwa waliozaliwa Bara ni cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo.
- Cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja, au kiapo cha kuzaliwa kama mzazi hana cheti. Cheti chako kinasema ulizaliwa wapi. Cha mzazi ndicho kinachosaidia kuonyesha uraia.
- Picha za pasipoti, za karibuni, zenye rangi ya bluu nyuma. Mwambie mpiga picha ni za Uhamiaji, ataelewa.
- Ushahidi wa safari: barua ya mwaliko, barua ya chuo, ya hospitali, ya mwajiri, au leseni ya biashara kama unakwenda kununua mzigo.
- Barua pepe na namba ya simu zilizo zako mwenyewe.
- Shilingi 150,000. Ada ya pasipoti ya kawaida hulipwa kwa mafungu mawili: 20,000 ya fomu na 130,000 ya pasipoti yenyewe.
- Bahasha ngumu ya plastiki. Mvua ya Aprili imeshaharibu vyeti vya watu kwenye bodaboda.

Ikiwa ni ya mtoto chini ya miaka 18, ongeza vyeti vya wazazi na ridhaa yao ya maandishi. Mtoto hasafirii pasipoti ya mama yake, hata awe wa wiki mbili.

## Hatua ya 1: Patanisha majina kabla ya kujaza chochote

Hapa ndipo pasipoti nyingi hukwama, na hapa ndipo watu hawataki kukaa.

Chukua karatasi nyeupe. Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Chini yake liandike kama lilivyo NIDA. Chini yake, cheti cha shule. Chini yake, cheti cha ndoa kama unacho. Sasa soma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Utashangaa. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa ni Mohamedi wa NIDA na Muhammad wa madrasa. Asha ni Aisha. Babu aliandikwa kwenye cheti, NIDA likaandikwa jina la ukoo. Mwingine ana majina mawili huku na matatu kule. Mtaani hilo halina tatizo, kila mtu anakujua kama Mama Zuhura. Kwenye mfumo wa kompyuta, Mohamed na Mohamedi ni watu wawili wasiojuana.

Kwa nini ulihangaikie sasa? Kwa sababu jina litakaloingia kwenye pasipoti litakwenda kwenye viza, kwenye tiketi, kwenye usajili wa chuo na kwenye faili la hospitali ya huko uendako. Kosa la herufi moja leo linazaa makosa matano mwakani, na kila moja lina ada yake.

Namna ya kurekebisha inategemea kosa liko wapi:

- Kosa liko NIDA: nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako ukiwa na cheti cha kuzaliwa, uombe marekebisho. Usianze fomu ya pasipoti kabla marekebisho hayajaonekana.
- Kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa: hilo ni la RITA.
- Jina umelibadilisha kweli, kwa ndoa au kwa dini: utahitaji hati ya kubadili jina. Wakili huiandaa, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati.
- Majina ni yale yale ila yameandikwa kwa mitindo tofauti: kiapo kinachosema majina yote ni ya mtu mmoja kinaweza kukusaidia ofisini. Ila kiapo hicho hakiingii kwenye kompyuta ya shirika la ndege. Kama muda unao, rekebisha karatasi zenyewe.

Tahadhari: kuna watu karibu na kila ofisi ya serikali watakaokwambia "hilo tutalimaliza ndani". Ni vishoka. Wengine wana fulana nadhifu na kalamu mfukoni, na wanajua majina ya maafisa wote. Kishoka akikupatia cheti cha kuzaliwa cha haraka, utakuwa na cheti ambacho hakimo kwenye kumbukumbu za RITA, na hilo hugundulika siku ya uhakiki.

Hatua imekamilika pale jina na tarehe ya kuzaliwa vinaposomeka sawasawa kwenye NIDA na kwenye cheti cha kuzaliwa.

## Hatua ya 2: Jaza, lipa, peleka

Maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata namba ya malipo, ile kila mtu anaiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, unachapa fomu, unaambatanisha karatasi zako na kuzipeleka ofisini. Kwa watu wa Dar wengi, ofisini maana yake Kurasini.

Wengi hujaziwa fomu steshenari. Sina ugomvi na vijana wa steshenari, wanajaza haraka kuliko mimi. Lakini kaa pembeni yake, usiende kunywa chai. Kuna makosa mawili yanayotokea ukiondoka.

La kwanza, kijana anaweka barua pepe yake au ya duka, kwa sababu umemwambia huna. Taarifa za ombi lako sasa zinakwenda kwake, na wiki ijayo amehamia Tegeta. Fungua barua pepe yako hata kama hutaitumia tena maishani, na nywila uiandike nyumbani.

La pili, tarehe. Fomu zingine huanza na siku, zingine na mwezi, zingine na mwaka. Aliyezaliwa tarehe 5 mwezi wa 11 anageuka kuwa wa tarehe 11 mwezi wa 5, na hakuna kengele inayolia kwa kuwa zote ni tarehe halali. Wa tarehe 25 wana bahati, maana hakuna mwezi wa 25.

Kabla hujabonyeza kutuma, msomee kijana kwa sauti: majina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Wateja walio nyuma yako kwenye foleni watakuvumilia.

Ofisini utachukuliwa alama za vidole, picha na saini, na afisa anaweza kukuhoji kidogo: umezaliwa wapi, umesoma wapi, unakwenda kufanya nini. Jibu kama karatasi zako zinavyosema. Mtu aliyejaza "biashara" kisha akasema anakwenda kumsalimia shangazi atarudi nyumbani kwanza.

Hatua imekamilika ukiwa na risiti za malipo yote mawili na uthibitisho wa kupokelewa kwa maombi. Zipige picha.

## Hatua ya 3: Ikague pasipoti ukiwa bado dirishani

Ukikabidhiwa usikimbilie kupiga picha ya jalada na kuiweka mtandaoni. Fungua ukurasa wenye picha yako. Kosa likionekana ukiwa bado pale, ni rahisi kuliko kurudi nalo baada ya miezi miwili.

Angalia jina la ukoo, majina mengine, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mahali pa kuzaliwa, tarehe ya kutolewa na ya kwisha. Kisha shuka chini kwenye mistari miwili yenye herufi na alama kama mishale, ambayo watu huiona kama urembo. Hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Kila mstari una nafasi 44, na umepangwa kwa kanuni moja dunia nzima, ndiyo maana afisa wa Beijing asiyejua Kiswahili anakusoma kwa sekunde moja.

Mstari wa juu unaanza na P, kisha TZA, kisha jina la ukoo, mishale miwili, kisha majina mengine. Mstari wa chini una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kwisha. Tarehe huandikwa mwaka kwanza: aliyezaliwa 5 Novemba 1991 atasomeka 911105. Tarakimu moja moja zinazofuata baada ya namba na tarehe ni za ukaguzi, zimepatikana kwa hesabu ya zilizotangulia. Mtu akibadilisha tarakimu moja kwa wembe na wino, hesabu inakataa.

Wenye majina ya kina Ng'wandu na Ng'hily wasishtuke: kistari cha juu hakiingii kwenye mistari hiyo. Itasomeka NGWANDU, na hivyo ndivyo tiketi inavyotakiwa kuandikwa.

Alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati, iliyo kwenye jalada, maana yake ndani kuna chipu yenye taarifa zako. Usiitoboe pasipoti, usiipige stepla kwenye jalada, usiifue kwenye suruali ya jinzi. Pasipoti inayoonekana nzima lakini chipu imekufa itakupeleka kwenye chumba cha pembeni ukaulizwe maswali.

Hatua imekamilika ukiweza kusoma mistari ile miwili na kukuta kila kitu ni chako.

## Hatua ya 4: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Pasipoti yetu ya kawaida ya mtu mzima ni ya miaka kumi. Kwa matumizi ihesabu kuwa ya miaka tisa na nusu.

Nchi nyingi hazitaki pasipoti iliyo hai siku unayoingia tu. Zinataka iwe hai kwa muda fulani mbele, ili ukiugua au ukikwama huko usigeuke mtu asiye na hati. Falme za Kiarabu, China na India hutaka miezi sita. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hutaka miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka kwao, na kurasa mbili tupu.

Tuchukue mfano. Pasipoti inakwisha 20 Agosti 2027. Unataka kuondoka 1 Aprili 2027 na kurudi 10 Mei.

Ukienda Dubai: kuanzia 1 Aprili, miezi sita inafika 1 Oktoba. Pasipoti inakufa Agosti. Hupandi ndege.

Ukienda Ujerumani: unatoka 10 Mei, miezi mitatu inafika 10 Agosti. Pasipoti inakufa tarehe 20. Umepita kwa siku kumi.

Pasipoti ile ile, siku zile zile. Ndiyo maana jibu la "jirani yangu alisafiri na pasipoti iliyobakiza miezi minne" halikusaidii mpaka ujue jirani alikwenda wapi.

Fanya hivi leo: chukua tarehe ya kwisha, rudi nyuma miezi sita, andika tarehe hiyo kwenye simu na uweke kengele. Kwa mfano wetu ni 20 Februari 2027. Siku hiyo ndiyo ya kufa kwa pasipoti yako kwa safari nyingi, na maombi ya mpya yaanze kabla yake.

Kurasa nazo zihesabu. Mfanyabiashara anayekwenda China mara sita kwa mwaka humaliza kurasa kabla ya miaka. Ukibakiza tatu, omba nyingine.

## Hatua ya 5: Jua kama unahitaji viza, kisha uisome

Pasipoti inasema wewe ni nani na serikali gani inakutambua. Viza inatoka kwa mwenye nyumba unayokwenda, akikubali ubishe hodi. Na hata ukibisha, afisa wa mlangoni ndiye anayeamua uingie na ukae siku ngapi.

Kwa Mtanzania, majirani ni rahisi. Kenya, Uganda na Rwanda unaingia bila viza, na kwa utaratibu wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki mgeni hupewa hadi miezi sita. Zambia, Malawi na Msumbiji pia unaingia bila viza, na Afrika Kusini unaruhusiwa kutembelea hadi siku 90. Kuingia bila viza si kuingia bila pasipoti, na si ruhusa ya kufanya kazi.

Nje ya hapo, China, Falme za Kiarabu, India, Uingereza, Marekani, Canada na nchi za Schengen zote zinataka viza. Kwa Schengen, dirisha la kuomba hufunguliwa miezi sita kabla ya safari na mwisho wa kawaida ni siku 15 kabla. Bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ukikataliwa, ada hairudi.

Viza ikitoka, isome. Watu wanaifurahia tu bila kuisoma. Kuna mambo matatu:

Muda wa viza na siku za kukaa ni vitu viwili. Viza inaweza kuwa hai kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni, lakini siku za kukaa zikawa 15. Hiyo miezi minne ni muda ambao mlango uko wazi. Siku 15 ndizo za kukaa ndani. Mteja wangu mmoja alikaa mwezi mzima akiamini viza haijaisha, akalipa faini ya kila siku iliyozidi. Alininunia mimi, na labda alikuwa na haki, maana sikumsomea.

Idadi ya kuingia. Kwenye viza ya Schengen utaona 01, 02 au MULT. Ukiwa na 01 ukaingia Ufaransa, ukaruka kwenda London siku mbili, hurudi tena Paris.

Siku 90 katika 180. Huko Schengen hesabu haianzi upya ukivuka mpaka mmoja kwenda mwingine, wala mwezi ukiisha. Kila siku uliyo ndani, hesabu siku 180 nyuma. Zile ulizokaa humo zisizidi 90.

Hatua imekamilika ukiweza kutaja, bila kufungua pasipoti, siku ya mwisho unayotakiwa kuwa umetoka.

## Hatua ya 6: Tiketi inakili pasipoti

Usimtajie wakala jina lako kwenye simu. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti. Kwenye simu, Rajabu anakuwa Rajab na Khadija anakuwa Hadija, na mimi wakala ninaandika nilichosikia.

Ukipata tiketi utaona jina la ukoo limetangulia, mkwaju (/), kisha majina mengine yakiwa yameshikana na mwishoni MR au MS. Huko kushikana si kosa. Kosa ni herufi iliyopungua, iliyozidi au jina la ukoo lililokaa mahali si pake. Piga simu siku hiyo hiyo. Marekebisho siku ya ununuzi mara nyingi ni madogo; usiku wa safari ni kununua upya.

Sasa saa. Tiketi hazisomi saa zetu. Zimeandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane. Ukiona 03:40, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku, si saa tatu na arobaini asubuhi. Ukiona 16:55, ni saa kumi na dakika hamsini na tano jioni. Na ukiona 00:30 tarehe 15, ndege inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Nimeshapokea watu wazima, wasomi, waliofika uwanjani kwa saa sahihi na siku moja kuchelewa.

Kisha angalia unapita wapi. Kama tiketi ni moja na begi linakwenda moja kwa moja, mara nyingi unasubiri ndani ya uwanja bila viza ya nchi unayopita. Kama umenunua tiketi mbili tofauti kwa kutafuta nafuu, huenda ukalazimika kutoka, kuchukua begi na kuingia upya, na kutoka huko kunataka viza. Uingereza ina lake: Mtanzania anayebadilisha ndege pale anatakiwa kuwa na viza ya kupita hata asipotoka ndani ya uwanja, isipokuwa ana viza au ukaazi wa nchi fulani zilizotajwa kwenye kanuni zao. Nafuu ya tiketi imeshaliwa hapo.

## Hatua ya 7: Usiku wa uwanjani

Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Barabara ya Nyerere ikiwa na foleni, fika mapema zaidi.

Kaunta ya shirika la ndege ndiyo mpaka wako wa kwanza, ingawa dada yule si afisa wa Uhamiaji. Shirika likimpeleka mtu asiye na karatasi kamili, hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama za shirika lenyewe. Kwa hiyo atakagua pasipoti, viza, tiketi ya kurudi, na wakati mwingine mahali utakapofikia. Usimgombeze. Anasoma kanuni kwenye skrini, na kanuni hiyo haijui kama mwanao anafunga ndoa kesho.

Kadi ya manjano ya chanjo iwe ndani ya pasipoti kama uendako inatakiwa. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya jana haikusaidii. Cheti chake, tangu Julai 2016, ni cha maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado inafaa.

Baada ya kaunta ni dirisha la Uhamiaji wetu. Afisa atakuuliza unakwenda wapi na kurudi lini. Jibu fupi. Atakugongea muhuri wa kutoka. Utazame, tarehe isomeke.

Karatasi zako ziwe mkononi. Nimeona watu wakifika Doha na barua ya mwaliko ikiwa tumboni mwa ndege.

## Hatua ya 8: Dirisha la ugenini, na mipaka ya barabara

Uendako utaulizwa matatu: umekuja kufanya nini, utakaa wapi, utaondoka lini. Majibu yalingane na viza. Mwenye viza ya matembezi asiseme "natafuta kazi" kwa utani. Usipoelewa swali, sema hujaelewa. Kuitikia ndiyo kwa kila kitu kumewapeleka watu pabaya.

Kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri: tarehe na siku ulizopewa. Aliyeandikiwa siku 14 badala ya 30 anaweza kuuliza pale pale kwa adabu. Akishafika hotelini, amechelewa. Baadhi ya nchi zimeacha au zinaacha mihuri na kutumia alama za vidole na picha, Schengen ikiwemo, iliyoanza mfumo wake mpya hatua kwa hatua Oktoba 2025. Hapo hakuna wino wa kukukumbusha, kwa hiyo andika siku uliyoingia.

Wa mabasi, hili ni lenu. Kwenye mipaka kama Namanga, Holili, Rusumo na Tunduma, huduma za nchi mbili ziko chini ya paa moja. Unagongewa kutoka Tanzania, na dirisha la nchi unayoingia liko hatua chache tu. Abiria wamechoka, kondakta anapiga kelele, wabadilisha fedha wanakuvuta shati, na mtu anagonga muhuri mmoja na kurudi kwenye basi akidhani amemaliza. Ametoka Tanzania na hajaingia popote. Atalijua siku ya kurudi, atakapoulizwa aliingia lini na hana cha kuonyesha.

Kwa hiyo mpakani hesabu mihuri: wa kutoka na wa kuingia. Ukikuta mmoja, shuka. Basi litasubiri, na lisiposubiri, kuna jingine.

## Ikipotea, ikishikiliwa, au ikijaa

Ikipotea Dar, anzia kituo cha polisi upate taarifa ya upotevu, kisha Uhamiaji. Ikipotea ugenini, polisi wa huko kisha ubalozi wa Tanzania, ambao unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Namba ya pasipoti na tarehe ya kutolewa zinaharakisha sana, kwa hiyo acha nakala kwa mtu wa nyumbani anayepokea simu usiku. Pasipoti uliyokwisha kuripoti kuwa imepotea usiitumie tena hata ukiikuta chini ya godoro; imeshafungwa kwenye mifumo, na utakamatwa nayo ukiwa huna kosa lolote.

Pasipoti ni mali ya serikali iliyokukabidhi wewe. Haiwekwi rehani kwa mkopo, haiazimwi ndugu mnayefanana, na mwajiri hana haki ya kuifungia kabatini. Dada zetu wanaokwenda kazi za ndani Uarabuni ndio wanaoathirika zaidi. Kabla ya kuondoka, shona mfukoni karatasi yenye namba ya pasipoti na simu ya ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo. Simu ya mkononi nayo inaweza kuchukuliwa.

Na ukipata pasipoti mpya huku viza yenye uhai iko kwenye ya zamani, omba urudishiwe ya zamani na usiichane ukurasa. Kwa nchi nyingi unasafiri na zote mbili, lakini thibitisha na ubalozi husika kabla. Ukikubaliwa, zibebe zikiwa zimefungwa pamoja kwa raba, na kaunta uzitoe kwa pamoja. Nilikuwa na mteja aliyeiacha ya zamani kwenye droo ya dukani, Mtaa wa Msimbazi. Bodaboda aliileta dakika ishirini baada ya kaunta kufungwa.